Gunzi la Chuma

Sitayaandika hapa maneno ya nyimbo zile. Niliyasema mara moja mbele ya baraza, mchana kweupe, mtoto akiwa mgongoni, na hiyo imetosha. Anayetaka kuyasikia akamwulize mwenye duka. Yeye anayajua yote.

Mwenye duka huyu alikuwa amerudi kutoka migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka. Wenzake hurudi na baiskeli na blanketi. Yeye alirudi na injini ya umeme, gramafoni, mabunda ya waya, na masanduku ya mbao yaliyofunikwa kitambaa usoni. Akafungua duka kando ya barabara kuu hapa Tunduma, akajenga na kilabu cha pombe ubavuni, akasimika nguzo, akatandaza waya. Sanduku moja kilabuni, jingine sokoni, jingine kwa fundi cherehani, na wenye uwezo walilipa wafungiwe majumbani. Asubuhi sanduku lilitoa habari, mchana santuri, jioni santuri zilezile. Msikilizaji hakuwa na namna ya kulizima. Ukitaka linyamaze ulilitupia blanketi, nalo liliendelea kunung'unika humo ndani kama mgonjwa.

Watu walimsifu. "Ametuletea dunia," walisema. Mimi nilimwona kama mtu anayekaa mlangoni pako na kuongea siku nzima bila kukuuliza hujambo. Lakini nani aliniuliza? Nilikuwa mgeni. Nimezaliwa upande wa Isongole, nikasoma shule ya wasichana ya misheni hadi nikapita darasa ambalo wasichana wengi hawalifikii, nikaolewa huku. Mume wangu aliniweka kwa wazazi wake mimba haijaonekana, akavuka mpaka kwenda kuchimba shaba. Alisema atarudi mahindi yakikomaa. Hakusema mahindi ya mwaka gani.

Basi nikabaki na mama mkwe, wifi mmoja, na baba mkwe ambaye sikuruhusiwa kumwona.

Mtu wa mbali huenda asielewe jambo hili, nalieleza mara moja. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakutani macho. Simwiti jina, hata neno linalofanana na jina lake silitamki. Akija njiani naingia majanini. Chakula chake nampa mama mkwe ndiye ampelekee. Naye kwa upande wake, akikaribia nyumba yangu, hukohoa kutoka mbali, nipate kujiondoa. Shuleni mwalimu mmoja wa kizungu alituambia huo ni utumwa. Labda. Lakini mzee yule hakuwahi hata siku moja kusahau kukohoa, na shangazi yangu, mwenye mume mzungumzaji sana, angetamani heshima ya namna ile.

Ikitokea lazima tuambizane kitu, tunapitisha kwa mtoto. Tangu binti yangu azaliwe, mzee alikuwa akisimama nje ya ua na kusema, "Mke wangu, mwambie mama yako ng'ombe wameingia shambani." Mke wake huyo alikuwa hajaota jino. Nami nilijibu kutoka jikoni, "Mwambie babu yako nimesikia." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote katika nyumba ile.

Kisha wifi yangu akaolewa.

Siku ya harusi wanaume hukaa kwao, wanawake tunaingia jikoni na bi harusi. Huko ndani hufundishwa. Hafundishwi kwa hotuba, hufundishwa kwa nyimbo, na nyimbo hizo husema kila kitu kama kilivyo: mwili wa mwanamume, mwili wa mwanamke, nani afanye nini na kwa muda gani, na mume mvivu adhihakiwe vipi. Hakuna matusi pale. Ni shule. Nimesoma shule mbili maishani, na ile ya jikoni ndiyo iliyosema kweli. Sharti lake ni moja, hazivuki mlango.

Na desturi yake ni kwamba mke mdogo kuliko wote katika ukoo ndiye anayeanzisha. Wakubwa hupokea kwa makofi. Hufanywa hivyo ili waone kama amefundika. Mwaka ule mke mdogo nilikuwa mimi.

Asubuhi ya harusi mwenye duka alikuja na waya na kitu cha chuma chenye umbo la gunzi la hindi. "Mama," akamwambia mama mkwe, "harusi kubwa hivi, vigelegele viishie jikoni? Imbeni tenzi zenu za kanisa, ziende hadi sokoni, wakwe wenu wakae pale wasikie heshima yao."

Mama mkwe akavimba kwa fahari. "Na tukimaliza tenzi?"

"Mkimaliza mimi nitazima kule dukani," akasema, akatia na neno la heshima la huko migodini. "Hilo gunzi peke yake ni chuma tu, mukwai. Halina masikio."

Akalining'iniza juu ya meko, kwenye miti tunayotundika mahindi ya mbegu yakauke kwa moshi. Tukaimba tenzi. Tukapiga vigelegele. Mwenye duka mwenyewe alichungulia mlangoni akasema, "Vizuri sana, mama zangu, sasa naenda kuzima," akaondoka. Na sisi, tukiwa na vyungu vya nyama na ugali wa watu wengi, tukasahau. Kitu kimening'inia kati ya mahindi, kina umbo la hindi, kimeshapata masizi kama hindi. Nani atakikumbuka?

Bibi anayefunda akafunga mlango. Akanigusa goti. "Haya, mwana wa Isongole, tuone kama huko milimani mna sauti."

Nikaanza. Wakapokea. Wimbo wa kwanza, wa pili. Bi harusi amejifunika kanga usoni, mabega yanacheka. Nakiri nilifurahi. Tangu nifike nyumba ile sikuwahi kukaa katikati ya watu nikawa mmoja wao. Sauti yangu ilikuwa juu, nilikuwa naongeza hata vya kwetu, na bibi anapiga paja anasema, "Aa! Huyu wamemfunda!"

Katika wimbo wa tatu nikasikia kitu. Kila nikimaliza mstari, kabla ya wanawake kupokea, kelele za wanaume zilitoka upande wa sokoni. Kicheko kikubwa, kama watu wanatazama mpira. Nikaimba mstari mwingine. Kicheko. Nikanyamaza. Huko nako kukanyamaza. Nikaimba tena, polepole, mstari mmoja tu, wa mume mvivu.

Soko zima likapiga mayowe.

Nikainua macho kwenye mahindi.

Sijui nani alilivuta lile gunzi. Nakumbuka tu waya umekatika na masizi yakamwagika kwenye mboga. Mama mkwe alikuwa amekaa chini miguu imenyooka kama mfiwa. Maana sote tulijua nani alikuwa amekaa sokoni, kiti cha mbele, chini ya sanduku, pamoja na wakwe wapya. Na sauti ya mke mdogo ndiyo iliyotangulia katika kila mstari, sauti yenye lafudhi ya Kindali, lugha ya kwetu Isongole, ambayo katika Tunduma nzima ilikuwa moja.

Baba mkwe, waliniambia baadaye, aliinuka kwenye mstari wa kwanza, akaenda hadi kwenye zizi, akakaa na ng'ombe.

Mwenye duka hakuzima kwa sababu pombe ilikuwa inanunuliwa. Hiyo ndiyo habari yote. Aliongeza hata sauti. Watu waliacha vibanda vyao wakajaa kilabuni, naye akawa anamimina tu.

Kesho yake mama mkwe aliniambia bila kuniangalia. "Utarudi kwenu. Mtoto akiacha ziwa atabaki hapa, ng'ombe wa mahari walitolewa."

"Mama, mimi nimefanya nini ambacho wewe hukufanya? Ulikuwa unapiga makofi."

"Makofi hayana jina la mtu. Sauti ilikuwa yako."

Wazee wa ukoo walikaa. Walisema hivi: baraza likiamua kwamba kosa ni la mwenye duka, atatoa mbuzi wa kutakasa ua, na mkamwana atakaa na mtoto wake. Baraza likimwacha, basi aibu imetoka kinywani mwa mwanamke, aende nayo. Nilimtazama binti yangu, ananyonya huku anacheza na kidole changu, hajui kwamba amewekwa rehani.

Nikaenda kushitaki mwenyewe. Mume alikuwa migodini, na hakuna mwanamume wa nyumba ile aliyetaka kusimama aseme ameshitaki kwa maneno gani.

Bwana Shauri, mzungu wa serikali anayeamua kesi, alikuja kutoka bomani, akaketi na wazee wa baraza. Wazee walikuwa wanne, na mmoja wao, mwenye kiti cha kushoto, alikuwa baba mkwe wangu. Msishangae. Katika mji mdogo kila mzee ni mkwe wa mtu. Niliingia na mtoto mgongoni, nikasimama nimempa ubavu, kanga nimeivuta hadi shavuni. Naye alikuwa anaangalia ukuta.

Karani akasoma shitaka: kueneza mambo machafu mbele ya watu kwa kutumia chombo. Adhabu yake, akasema, ni kifungo au faini. Mwenye duka akasimama amevaa suti ya migodini.

"Bwana Mkubwa, mimi ni kama tarishi. Tarishi akileta barua, ndani mna matusi, atafungwa tarishi? Waya hauimbi. Waya unapeleka."

Watu wakacheka. Bwana Shauri akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba tarishi hafungui barua akaisoma sokoni. Ndipo mwenye duka akabadili.

"Tena zilikuwa tenzi, Bwana Mkubwa. Niliomba tenzi, nikasikia tenzi. Hao waliosikia mengine waje waseme."

Aliwajua watu wake. Bwana Shauri akaita mashahidi. Fundi cherehani akaapa kwamba wakati ule alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na mtu akitunga uzi hasikii. Mwuza nyama akasema alishaondoka. Wa tatu akasema alisikia, ila kwa mbali, na maneno ya Kindali yanampita. Soko zima lililopiga mayowe lilikuwa limeshikwa na uziwi.

Nikawaangalia wanawake. Walikuwa nje, dirishani, wamejipanga. Bibi anayefunda akaitwa. "Mimi ni mzee," akasema, "nyimbo zimenitoka." Mama mkwe akasema alikuwa anaonja mboga.

"Basi hakuna ushahidi kwamba zilikuwa nyimbo chafu," akasema Bwana Shauri. Akanigeukia. "Wewe uliimba. Yalikuwa maneno gani?"

Nilisema nitayaandika. Najua kuandika, nipewe karatasi.

"Yakiandikwa yatasomwa. Mshitakiwa ana haki ya kusikia. Karani atasoma."

Karani akaweka kalamu chini. "Mimi ni mzee wa kanisa, Bwana. Unisamehe. Kinywa hiki Jumapili kinasoma Injili."

Hapo hasira ikanipanda hadi masikio yakavuma. Kinywa chake kina Jumapili. Kinywa changu je? Wanaume waliosikia hawakusikia. Wanawake walioimba hawakuimba. Imebaki mimi, niyaseme tena, na safari hii si waya wala gunzi, ni midomo yangu mwenyewe, hatua chache kutoka kwa baba mkwe. Nikinyamaza namwacha mwanangu. Nikisema, navunja kwa makusudi kile ambacho nilivunja bila kujua.

"Mzee yule anaweza kutoka?" nikamwuliza Bwana Shauri.

"Mzee yupi?"

Sikuweza kusema jina. Sikuweza kunyoosha kidole.

"Baraza ni la wazi," akasema. "Sema au kaa."

Nikamfungua mtoto mgongoni. Nikampakata mbele, uso wake ukaelekea kwenye viti. Nikasema kwa nguvu, watu wote wasikie:

"Mwanangu, mwambie babu yako mama yako amekwama. Mwambie atusaidie atoke nje, maana mama yako ana maneno ya kusema, na akiyasema yeye yupo, hatutakuwa na pa kulala."

Mtoto akapiga chafya.

Baba mkwe akainuka. Akachukua fimbo yake. Hakuniangalia, hakumwangalia Bwana Shauri. Alimwambia mtoto, "Nimesikia, mke wangu. Kiti changu kitabaki kusikiliza." Akatoka.

Nikaanza. Nilisema taratibu, macho kwa mwenye duka.

"Sauti kubwa," akasema Bwana Shauri. "Baraza lisikie."

Nikapaza. Na nilipopaza tu, huko nje, karibu na mlingoti wa bendera, mtu akaanza kukohoa. Mzee yule hakuwa na kifua. Sikuwahi kusikia anaumwa. Alikohoa wimbo wa kwanza wote, akakohoa wa pili, akavuta pumzi, akakohoa wa tatu, kikohozi kikubwa cha kukwaruza ambacho hakikumpa nafasi ya kusikia hata neno. Nilisema yote, pamoja na ya mume mvivu. Hakuna aliyecheka. Karani alikuwa anaandika huku jasho linadondoka kwenye karatasi. Nilipofunga mdomo, kikohozi nacho kikakoma.

Mwenye duka alitiwa hatiani. Bwana Shauri angeweza kumfunga, sheria inamruhusu, karani alisema mwenyewe. Akamtoza faini. Mwenye duka aliingiza mkono mfuko wa ndani wa suti yake, akalipa palepale mezani, akaagizwa atoe mbuzi, akatoa mbuzi. Kabla mbuzi hajaliwa akaisha, masanduku yalikuwa yanaimba tena. Akaniona njiani akanisalimu vizuri kabisa. "Shikamoo, mama mwalimu," akasema, na wanywaji wake wakacheka. Kwake lilikuwa jambo la biashara, limekwisha. Faini ya mtu mwenye duka ni kama mvua kwa mwenye bati.

Mimi nimebaki. Ua ulitakaswa, mwanangu ninaye, nyumba ninayo. Nilishinda.

Lakini jikoni nikiingia, mazungumzo yanakuwa ya chumvi na kuni. Mama mkwe aliniambia mara moja tu, na hajarudia: "Ulichukua vitu vya ndani ukavimwaga mbele ya wanaume." Sikumjibu kwamba vilikuwa vimekwisha mwagwa. Bibi anayefunda hupita njia nyingine. Msimu huu ameolewa binti wa jirani, na nilisikia makofi yao kutoka nyumbani kwangu, mlango umefungwa, mke mdogo mwingine anaanzisha. Sikuitwa. Wanawake hawa walinisahau siku ya ushahidi na wananikumbuka kila siku nyingine. Kama wangesema watano pamoja, maneno yale yasingekuwa ya mtu. Nimelifikiria hilo nikichota maji, nikipalilia, nikifua, na bado linanichoma.

Mume wangu alituma salamu kwa abiria wa lori. Abiria yule alikuwa mtu mzima, aliona haya. "Amesema habari imefika kambini. Amesema atakaa kidogo zaidi." Nikamwuliza kama aliuliza mtoto hajambo. Akasema lori lilikuwa linaondoka, hawakupata nafasi.

Mchana sanduku la sokoni linaimba. Upepo ukielekea kwetu nalisikia neno kwa neno, nyimbo za mapenzi za huko mijini, na watoto wanazishika. Hakuna anayeshitaki.

Asubuhi, kabla ya ng'ombe kutoka, kikohozi kinasikika kutoka kwenye kona ya ua. Namchukua binti yangu naingia ndani, nasimama nyuma ya mlango. Nyayo zinakaribia, zinasimama.

"Mke wangu, umeamkaje?"

Yeye bado hajui kusema. Anapiga ubao wa mlango kwa kiganja.

"Mwambie mama yako mawingu yale ya upande wa milima yao ni ya mvua. Aanue mtama."

"Mwambie babu yako nimesikia," nasema.

Anasubiri kidogo, halafu nyayo zinaondoka. Nahesabu kwamba nimezungumza na mtu leo, natoka, naanua mtama.